Kipeperushi cha seli shina kwa moyo ulioshindwa na kiharusi: nini ni kweli, nini si kweli?

TabibuKongwa aliuliza:

Mbukwenyi wakuu.

Kuna kipeperushi kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku Kongwa, na wenzangu wa Mpwapwa wanasema kimewafikia pia. Ni cha wakala anayesafirisha wagonjwa nje ya nchi kwa "tiba ya seli shina". Madai yake kwa kifupi: seli shina milioni 100 kutoka kwenye kitovu cha mtoto mchanga, dripu tatu ndani ya siku tano, moyo uliotanuka unarudi kawaida, na aliyepooza kwa kiharusi anasimama. Dripu ileile kwa magonjwa yote mawili. Chini kabisa wameandika kwamba hata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inapandikiza seli shina. Hapo ndipo ndugu wa wagonjwa wanaponibana, maana hilo la Benjamin Mkapa ni kweli na wamelisikia redioni.

Mfano wa mgonjwa anayelengwa: mwanaume wa miaka 61, presha ya muda mrefu, EF (sehemu ya damu ambayo moyo unaisukuma nje kwa kila pigo) asilimia 28 kwenye eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), kiharusi miezi mitano iliyopita, mkono na mguu wa kushoto dhaifu. Dawa alizonazo ni enalapril 5 mg mara moja kwa siku, atenolol 50 mg, Lasix (ya kutoa maji) 40 mg "siku akivimba", na aspirini ndogo. Familia inataka kuuza shamba la zabibu.

Naomba majibu ya kitaalamu, si ya "wapigaji tu hao". Seli hizo zinafanya nini hasa zikishaingia mwilini? Majaribio makubwa yamesema nini? Na kama si seli shina, huyu wa EF 28 afanyiwe nini hapa hapa kanda ya kati?

Uloto_Maabara:

Nianze na Benjamin Mkapa maana ndiyo chambo. Kinachofanyika pale tangu 2023 ni upandikizaji wa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) kwa watoto wenye selimundu. Seli zinazopandikizwa ni seli mama za damu, yaani seli shina za damu, na kazi yake tangu asili ni kutengeneza damu. Mtoto kwanza hupewa dawa kali za kuua uloto wake ili nafasi ipatikane. Kisha seli za ndugu aliyelingana naye kwa vipimo vya HLA (alama za utambulisho wa mwili zilizo juu ya seli) huingizwa kwenye mshipa kama damu ya kawaida, zinajitafutia zenyewe njia hadi kwenye mifupa, zinashika, na baada ya wiki mbili hadi nne hivi chembe nyeupe zinaanza kupanda kwenye kipimo cha damu. Hakuna ubishi kama zimeshika au hazijashika: unaona kwa namba. Kazi hii ina umri mkubwa, Donnall Thomas alipewa Nobel kwa ajili yake mwaka 1990.

Seli za kwenye kipeperushi ni ukoo mwingine. Za kitovu zinazouzwa kwa moyo na ubongo ni seli za mesenkima, ambazo kwa asili hutoa mfupa, gegedu na mafuta. Hazigeuki kuwa msuli wa moyo unaodunda wala kuwa neva. Hilo halibishaniwi tena hata na wanaozifanyia utafiti kwa nia njema. Wao wanasema zinatoa kemikali za kupunguza uvimbe na kuamsha mishipa midogo ya damu, kisha zinakufa.

Sasa fuata safari ya dripu. Seli ya mesenkima iliyokuzwa maabara ina kipenyo cha mikromita 15 hadi 20 na zaidi. Kapilari za mapafu, mishipa midogo kabisa ya damu, ziko chini ya 10. Kwa hiyo damu ikitoka mkononi, ikapita upande wa kulia wa moyo na kuingia kwenye mapafu, seli nyingi zinanasa palepale. Kituo cha kwanza cha dripu yoyote ya mkononi ni mapafu, iwe mgonjwa ana tatizo la moyo, la ubongo au la goti. Chache sana ndizo zinazovuka, na ndani ya siku chache nazo huzioni.

Tena angalieni hiyo "milioni 100". Kwenye uloto, katika seli elfu 10 hadi laki moja zenye kiini kimoja, ya mesenkima ni moja tu. Ili ufikie milioni 100 lazima ukuze maabara kwa wiki tatu hadi tano. Kwa hiyo kliniki inayokuchota mafuta ya tumbo au uloto asubuhi, halafu jioni inakurudishia "seli shina zako milioni 100", imehesabu seli zozote zilizokuwemo, chembe za damu zikiwemo, na kuzipa jina la seli shina.

Za kitovu zinakuzwa kabla na kugandishwa kwenye naitrojeni, kwenye maji yenye DMSO, kemikali ya kuzilinda zisipasuke kwa barafu. Zikiyeyushwa, saa zinahesabika: DMSO inazidhuru kadiri zinavyokaa kwenye joto la chumba. Ndiyo maana kila kundi la seli linapaswa kuja na cheti kinachosema mambo haya: namba ya kundi, asilimia ya seli hai *baada* ya kuyeyushwa, ambayo isiwe chini ya 70, kipimo cha bakteria na fangasi, cha maikoplazma, na cha endotoksini, utambulisho wa seli, yaani alama za juu ya seli CD73, CD90 na CD105 zionekane kwenye asilimia 95 au zaidi, na CD34 na CD45 zisizidi asilimia 2, na vipimo vya mama aliyetoa kitovu vya VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Mwambie mtoto wa mgonjwa amwombe wakala nakala ya cheti cha kundi moja tu lililopita, jina la mgonjwa likiwa limefutwa. Ukiletewa picha ya jengo na video ya mtu anayetembea, umejibiwa.

MoyoIhumwa:

Naongezea upande wa moyo.

Chanzo cha matumaini haya yote ni makala ya 2001 kwenye jarida la Nature, iliyodai kwamba seli za uloto zilijenga upya moyo wa panya. Maabara nyingine zilijaribu, zikashindwa. Mwaka 2018 Harvard na hospitali yake ya Brigham zilipendekeza makala 31 za maabara ya Piero Anversa, mmoja wa walioandika makala hiyo ya 2001, zifutwe kwa sababu ya data zilizopotoshwa au kubuniwa. Wakala hakwambii hilo, lakini sentensi za kipeperushi chake zinatoka huko huko.

Baada ya panya yakaja majaribio kwa watu. Nitataja manne.

BAMI, Ulaya, matokeo 2020: seli za uloto wa mgonjwa mwenyewe zikiingizwa kwenye mshipa wa moyo baada ya mshtuko wa moyo. Walitaka watu 3,000, wakapata 375. Vifo kwa miaka miwili vilikuwa asilimia 3.26 kwa waliopewa na 3.82 kwa wasiopewa. Hakuna tofauti ya kuizungumzia, na idadi ilikuwa ndogo mno kuionesha hata kama ingekuwepo.

CHART-1: seli zilizofundishwa maabara kuelekea njia ya msuli wa moyo, wagonjwa 271 waliofanyiwa, haikufikia lengo. CONCERT-HF ya 2021, wagonjwa 125: EF haikupanda. Baadhi ya waliopewa seli walijisikia nafuu na walipata matukio machache ya moyo, lakini kundi ni dogo.

Kubwa kuliko zote ni DREAM-HF, iliyochapishwa 2023, wagonjwa 537. Hapa seli milioni 150 za mesenkima hazikwenda kwa dripu. Katheta, mrija mwembamba, iliingizwa kwenye pango la kushoto la moyo, ramani ya umeme ya ukuta ikachorwa kuonesha palipo hai na palipokufa, kisha zikachomwa sindano ndogo 15 hadi 20 ndani ya msuli wenyewe. Ni kazi ya hatari: ukitoboa ukuta, damu inajaa kwenye mfuko wa moyo. Pamoja na juhudi zote hizo, kurudi hospitali kwa moyo kuzidiwa, ambalo ndilo lilikuwa lengo, hakukupungua. Sasa jiulize: kama kuchoma moja kwa moja kwenye msuli hakukutosha, dripu ya mkononi inayoishia mapafuni itafanyaje?

Halafu kuna jambo ambalo sisi wenyewe huwa tunalisahau. Kwenye DREAM-HF kundi la ulinganisho liliwekwa mezani, likachomwa kwenye paja, wahudumu wakaigiza maneno yote ya sindano za moyo, bila kuchoma kitu kwenye moyo. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu mtu aliyelipia safari na kulazwa wodi nzuri atakuambia anapumua vizuri zaidi. Na EF yenyewe inayumba: wapimaji wawili wa eko, moyo uleule, siku ileile, wanaweza kutofautiana kwa pointi 5 au hata zaidi. Kutoka 28 hadi 34 bila kundi la ulinganisho hakuthibitishi kitu. Ongeza na hili: kliniki hizo humpanga mgonjwa upya kwenye dawa zake, zinamkatia chumvi, zinamtoa maji. Anarudi Dodoma mwepesi, sifa inakwenda kwa seli. Akina mama waliopata ugonjwa wa moyo baada ya kujifungua ndio ushuhuda wanaoupenda zaidi, kwa sababu wengi wao moyo hurudi wenyewe ndani ya miezi sita kwa vidonge tu.

La mwisho kwa mgonjwa wako: majaribio mengi ya seli yaliegemea mioyo yenye makovu ya mishipa kuziba. Utafiti wa Muhimbili wa wagonjwa 427 wenye moyo kushindwa, uliochapishwa 2014, ulikuta chanzo kikuu ni presha, asilimia 45. Moyo wa presha una dawa. Kama tatizo ni valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, seli hazifungui valvu iliyobana. Hapo ni upasuaji au puto.

TabibuKongwa:

Asante sana wakuu. MoyoIhumwa, nimesoma mahali kwamba kwenye hiyo DREAM-HF wenye CRP (kipimo cha damu cha uvimbe mwilini) ya juu walifaidika. Ndugu mmoja wa mgonjwa ni muuguzi na ameshikilia hapo hapo.

MoyoIhumwa:

Ni kweli, na yuko makini huyo muuguzi. Waliopewa seli walipata mshtuko wa moyo au kiharusi wachache zaidi, na hali ilionekana vizuri zaidi kwa wenye CRP ya 2 mg kwa lita au zaidi. EF nayo ilipanda kidogo kwa miezi 12. Ila lengo kuu likishakosa, ukichambua vikundi vidogo ndani yake unapata swali la jaribio lijalo, hupati dawa ya kuuza. Na kumbuka ni seli za aina moja, dozi moja, kwa katheta. Za kipeperushi hazifanani nazo hata kimoja.

Mdau_Nzuguni:

Mbona mnaandika kana kwamba uwanja mzima ni utapeli? Japani na Ujerumani wanapandikiza msuli wa moyo uliotengenezwa maabara, tena kwa watu. Tusiwafanye wananchi waone sayansi yenyewe ni uongo.

MoyoIhumwa:

Hoja yako nzito, na hakuna aliyesema uwanja mzima. Hizo ni seli za iPS: Yamanaka alionesha 2006 kwamba seli ya ngozi ya panya inaweza kurudishwa hali ya mwanzo kabisa, 2007 akafanya kwa binadamu, 2012 akapata Nobel pamoja na John Gurdon. Kutoka hapo ndipo unatengeneza msuli wa moyo wa kweli, unaodunda kwenye sahani. Osaka walibandika karatasi ya msuli huo juu ya moyo wa mgonjwa Januari 2020. Göttingen walichapisha Januari 2025 habari za viraka vyao: mgonjwa mmoja alibandikwa, baada ya miezi mitatu akapata moyo wa kupandikizwa, na moyo wa zamani ulipochunguzwa kiraka kilikutwa kina msuli hai wenye mishipa ya damu. Hilo ni jambo kubwa kweli.

Lakini soma masharti. Kifua kinafunguliwa. Mgonjwa anakunywa dawa za kushusha kinga. Na seli hizo zikishika zinaweza kudunda kwa mpigo wake zenyewe. Kwa nyani zilizochomwa kwa sindano zilileta mapigo ya hatari ya wiki kadhaa. Kitu cha namna hiyo hakitolewi kwa dripu kwenye kliniki ya siku tano. Japani hiyo hiyo ilikubali kwa masharti karatasi ya seli za msuli wa paja iitwayo HeartSheet mwaka 2015, na 2024 jopo likaikatalia kibali kamili kwa kuwa manufaa hayakuthibitika. Hiyo ndiyo tofauti: kule bidhaa ikishindwa, inatolewa sokoni.

FizioChangombe:

Kwa kiharusi nitakuwa mfupi kwenye seli na mrefu kwenye kazi.

India, 2014: wagonjwa 120, seli za uloto wao wenyewe kwa dripu, wastani wa milioni 280, wiki chache baada ya kiharusi. Miezi sita baadaye hakuna tofauti ya kujihudumia kati ya waliopewa na wasiopewa. Japani, jaribio la TREASURE: watu 206, seli bilioni 1.2 ndani ya saa 18 hadi 36, lengo halikufikiwa. Kampuni nyingine ilitoboa fuvu na kuweka seli pembeni ya kidonda cha ubongo kwa wagonjwa wa muda mrefu, watu 163. Mwaka 2019 ilitangaza kushindwa. Na India ambako wengi wetu tunapelekwa, mwongozo wao wa kitaifa wa 2017 unasema wazi kwamba kumpa mgonjwa seli shina nje ya jaribio lililoidhinishwa ni kosa la kitabibu. Kinachokubalika kama tiba ya kawaida ni magonjwa ya damu.

Hatari yenyewe ni ya kweli. Jarida la New England lilieleza mwaka 2016 habari za mzee wa miaka 66 aliyechomwa seli kwenye maji ya uti wa mgongo katika nchi tatu kwa ajili ya kiharusi. Aliota uvimbe kwenye uti wa mgongo, akapooza zaidi, na seli za uvimbe zilikuwa za mtu mwingine.

Sasa mkono wa kushoto wa mzee wako. Miezi mitano haijachelewa. Jaribio la EXCITE, 2006, lilichukua watu wa miezi mitatu hadi tisa baada ya kiharusi, wakafungwa mkono usiopooza kwa asilimia 90 ya muda wa kuwa macho kwa wiki mbili, huku ule dhaifu ukifanyishwa kazi kwa saa nyingi kila siku. Mkono uliboreka, na bado ulikuwa umeboreka mwaka mmoja baadaye. Sharti: aweze kuinua kifundo cha kiganja kwa nyuzi 20 hivi, na vidole nyuzi 10. Kama hawezi hata kidogo, njia hii haimfai. Anza na kusaidiwa kusogeza na kazi za mikono miwili pamoja.

Nyumbani unaifanya hivi. Mvike soksi nene mkono usiopooza akiwa ameketi tu. Akisimama au akishika fimbo, ivuliwe, vinginevyo ataanguka akiwa hana cha kujishikia. Weka beseni la vizibo vya chupa kushoto na kikombe kulia. Kizibo kimoja kutoka beseni hadi kikombe ni moja. Wagonjwa wa kiharusi waliopimwa wameweza zaidi ya marudio 300 ndani ya saa moja, wakati kwenye vikao vya kawaida vya fizio waliofuatilia walikuta wastani wa marudio 32 tu ya mkono. Pengo hilo ndilo linalowakwamisha watu, wanakuja kliniki mara moja kwa wiki wanafikiri mashine ya umeme itafanya kazi yao. Anza na seti tano za 20, ongeza. Kizibo kikiwa rahisi, hamia kwenye punje za mahindi, kisha vifungo vya shati. Andika idadi ukutani kwa mkaa au kwenye daftari, vyovyote, ila iandikwe.

Kwa kuwa ana EF 28: afanye kazi akiwa ameketi, aweze kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Akishindwa, apumzike. Siku ambayo miguu imevimba au amelala kwa mito mitatu, mazoezi yasimame hadi maji yatolewe.

Na jamani, bega. Ndugu wanamnyanyua mzee kwa kumvuta mkono uliopooza au kumkamata kwapani. Msuli unaoshika kiungo umelegea, mfupa unashuka, bega linauma miezi, na mkono unaouma hautumiki tena. Mshike kiunoni, kwenye mkanda au khanga iliyofungwa. Akikaa, mkono uwe juu ya mto, usining'inie.

Yote haya si ya siku ya kwanza. AVERT, 2015, watu 2,104: waliosimamishwa kwa nguvu nyingi ndani ya saa 24 walitoka vibaya zaidi. Nasema hivyo maana kuna wanaoanza kumburuza mgonjwa wodini siku hiyo hiyo.

Mfamasia_Kikuyu:

Orodha ya dawa ya huyo mzee ndiyo habari yenyewe, na nashangaa hakuna aliyeigusa. EF 28 na yuko kwenye robo ya tiba.

Kwanza atenolol. Haina ushahidi wa kupunguza vifo kwa moyo ulioshindwa; zenye ushahidi ni carvedilol, bisoprolol na metoprolol ya kutoka polepole. Daktari ambadilishie akiwa hana maji mengi mwilini: carvedilol 3.125 hadi 6.25 mg mara mbili kwa siku pamoja na chakula, unaongeza maradufu kila wiki mbili hadi 25 mg mara mbili, kama mapigo hayashuki chini ya 50 na hapati kizunguzungu. Kosa la kawaida ni kuongeza dozi wakati miguu imevimba. Anazidiwa, kisha dawa inalaumiwa.

Enalapril 5 mg mara moja ni ndogo. Inatolewa mara mbili kwa siku na lengo ni 10 hadi 20 mg mara mbili. Spironolactone 25 mg hana kabisa, na ni ya bei nafuu. Dapagliflozin au empagliflozin 10 mg mara moja kwa siku hana, na hii haihitaji kupandishwa. DAPA-HF ya 2019 ilipunguza vifo vya moyo na kuzidiwa kwa asilimia 26, hata kwa wasio na kisukari.

Kreatinini (kipimo cha figo) na potasiamu vipimwe kabla, kisha wiki moja hadi mbili baada ya kila ongezeko la enalapril au spironolactone. Potasiamu ikizidi 5.5 punguza spironolactone nusu au isimamishe, ikifika 6 simamisha na mpeleke hospitali. Chumvi za "kupunguza presha" zinazouzwa supamaketi nyingi ni potasiamu, asitumie. Diclofenac na ibuprofen aziache hata kama bega linauma. Zinazuia maji na kuumiza figo. Paracetamol inatosha.

Kasi ina maana. STRONG-HF, 2022, iliyohusisha pia hospitali za Msumbiji na Nigeria, ilipandisha dozi zote hadi lengo ndani ya wiki mbili baada ya kutoka wodini, kwa kumwona mgonjwa mara kwa mara. Kwa siku 180, waliokufa au kurudishwa wodini kwa moyo walikuwa asilimia 15.2, dhidi ya 23.3 kwa huduma ya kawaida. Linganisheni namba hiyo na za seli hapo juu.

Lasix ya "siku akivimba" ni mzizi wa matatizo. Apime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, nguo zilezile. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, maji yamerudi kabla miguu haijaonesha. Siku ya safari watu wanairuka kwa kuogopa basi lisilo na choo. Waimeze wakifika badala ya kuiacha. (SGR ina choo, kisingizio hicho kimekufa.)

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyokwisha kuwa ndani ya vyakula. Na hapa kwetu kuna kitu ambacho vitabu vya Ulaya havikutaji: mlenda wa magadi. Magadi ni kabonati ya sodiamu. Mama anakuambia kwa dhati kabisa "baba hali chumvi", na kila jioni bakuli la mlenda liko mezani. Muulize jina kwa jina: magadi kwenye mlenda, magadi kwenye maharage. Mlenda wenyewe hauna ubaya, upikwe bila magadi.

Akitapika, akiharisha au akifunga bila kula: dapagliflozin, enalapril, spironolactone na Lasix zinasimamishwa kwa muda na anakwenda kituoni siku hiyo. Joto la Oktoba na Novemba huku kwetu usilidharau.

Na kiharusi chake: CT (picha ya ubongo) ilifanyika? Ilikuwa damu kuziba au kuvuja? Kama ana mapigo yasiyopangika kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo) au bonge la damu kwenye eko, aspirini haimkingi; anahitaji warfarin ya INR (kipimo cha damu kuganda) 2 hadi 3 au dawa mpya za kuzuia kuganda. Hakuna seli inayozuia kiharusi cha pili.

TabibuKongwa:

CT inasema kuziba. ECG nitairudia kesho. Atenolol na enalapril naandika rufaa leo kwa daktari wa moyo Dodoma mjini ili wazipange.

Swali moja limebaki. Kuna mama wa Bahi amekwisha kwenda na amerudi wiki ya sita. Ana homa za jioni na vijivimbe viwili vyekundu pale alipochomwa kiunoni. Ameanzishiwa amoxicillin duka la dawa. Nifanye nini?

Uloto_Maabara:

Mpeleke hospitali ya rufaa, usimtibu kituoni. Damu ya kuotesha ichukuliwe mara mbili kutoka sehemu mbili kabla ya antibayotiki nyingine. Usaha au kipande cha uvimbe kiende maabara kwa uotaji wa kawaida *na* wa mykobakteria (jamii ya vijidudu vya TB), na mwandike kwenye fomu "alichomwa seli shina", kwa sababu bila maneno hayo sahani zitatupwa baada ya siku chache.

Mwaka 2024 CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, iliripoti wagonjwa waliopata Mycobacterium abscessus baada ya kuchomwa seli huko Mexico. Mdudu huyu ana mtego hapa kwetu: hadubini inaonesha vijidudu vya rangi ya TB, lakini GeneXpert inasema hakuna TB. Mtu akimwanzishia dawa za TB, hazimsaidii. Abscessus ni sugu kwa nyingi kati ya hizo. Tiba ni mchanganyiko wa dawa kwa miezi, mara nyingi na kisu.

Muulize kama sindano ya kiunoni ilikuwa kwenye nyama au kwenye uti wa mgongo. Kama ilikuwa uti wa mgongo, na ana maumivu ya mgongo, miguu kufa ganzi au mkojo kushindikana, MRI ifanyike haraka. Vipimo vya VVU, homa ya ini B na C virudiwe sasa na baada ya miezi mitatu. Kama aliwahi kutajiwa kupandikizwa figo, wajulisheni wataalamu wake, maana seli za mtu mwingine zinaweza kumwachia kingamwili dhidi ya HLA na kumpunguzia uwezekano wa kupata mtoaji.

Karatasi zote alizorudi nazo, hata kibandiko cha kichupa, zipigwe picha. Kisha jaza fomu ya njano ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) ya kuripoti madhara. Kwenye sehemu ya jina la dawa andika lililo kwenye kichupa kama lilivyo, na namba ya kundi. Kama hakuna, andika "haikutolewa".